UZI: Mama alichomwa sindano ya kusinzia kwenye kipimo cha kamera tumboni akaacha kupumua. Ivi nani anatakiwa kutoa hii dawa?

Mtoto wa Mwanga (mwenye uzi):

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Niko Kigoma hapa Mwanga. Huu uzi nimekaa nao moyoni muda, kila nikitaka kuandika naona tena rangi ya ulimi wa mama naacha.

Mama ana miaka 67, vidonda vya tumbo vimemtesa miaka na miaka, kaambiwa acha pilipili kaacha, acha maharage kaacha, dawa kanywa mpaka kachoka, mwisho daktari akasema bora aingizwe mpira wenye kamera aangaliwe ndani kuna nini. Tukasafiri mpaka hospitali ya mji mwingine, siitaji jina na naomba msinibane nitaje, sijaja hapa kuchafua mtu, nimekuja kuuliza.

Siku ya kipimo mama akagoma kuingia peke yake kwahiyo wakaniruhusu nisimame mlangoni. Kalazwa ubavu wa kushoto, kapuliziwa ile dawa ya ganzi kooni, afu daktari mwenyewe akavuta dawa kwenye bomba akachoma kwenye kanula, kile kimrija cha mshipani, hapo hapo akashika mpira akaanza kazi. Mle ndani walikuwa watu 3. Daktari macho yote kwenye skrini ya kamera, nesi kashika kichwa cha mama na kile cha kung'ata mdomoni huku huku anampa daktari vifaa, na binti mmoja mwanafunzi kasimama pembeni. Kile kidude cha kubana kidole mama alikuwa nacho ila sauti ya mashine sikuisikia kabisa, na skrini yake ilikuwa imeelekea ukutani.

Mama akatulia. Mimi nikamshukuru Mungu nikijua kalala vizuri, kumbe yule mwanafunzi ndo akasema "dokta, mama hapumui huyu". Wakageuza mashine, oksijeni inasoma 71. Mpira ukavutwa, wakamlaza chali, kidevu juu, wakaanza kuutafuta ule mfuko wa kumpulizia hewa, haupo, akakimbia mtu chumba cha pili kuufata. Zile dakika sitaki kuzikumbuka. Alirudi namshukuru Mungu, na jioni kabisa akaniuliza "mwanangu kipimo wanafanya saa ngapi?" hakumbuki hata kimoja.

Tuliambiwa tu kwamba wazee huwa wanalala sana. Basi.

Sasa kidonda kimeonekana kweli, na ameambiwa arudi baada ya wiki 8 kuangalia kama kimepona. Hataki. Na mimi nimeshindwa kumlazimisha. Naomba wataalamu mniambie, ni sawa daktari anayefanya kipimo ndo huyo huyo atoe dawa ya kulaza mtu? Si kuna watu wa usingizi kwa kazi hiyo?

Bi Nyota wa Ujiji:

Pole sana mwanangu, na mama mpe pole yangu. Huyo binti mwanafunzi Mungu ampe maisha marefu. Ila mwanangu usikubali kidonda cha tumbo kiachwe hivihivi, marehemu dada yangu alikataa kurudi na yeye kilikuja kuwa kansa. Arudi, mtafute tu namna ya kurudi.

Muha wa Kasulu:

Mi nasema ipigwe marufuku. Kama wewe sio daktari wa usingizi usiguse dawa ya usingizi kwisha habari. Michael Jackson alikufa 2009 kwa dawa ya usingizi aliyokuwa anapewa na daktari wa moyo nyumbani kwake, tena tajiri wa dunia nzima, sembuse mama zetu huku Kigoma. Yule daktari alikutwa na hatia mahakamani 2011. Huku kwetu nani anapelekwa mahakamani?

Reli ya Kati:

Mimi niko Tabora, nilifanya hicho kipimo BILA sindano yoyote. Walinipulizia ile dawa chungu kooni nikaambiwa nimeze, koo likafa ganzi kama limevimba, wakaingiza mpira. Sitadanganya sio raha, unajihisi unataka kutapika, machozi yanatoka, mate yanatiririka unayaacha tu yadondoke. Ila nesi alinishika bega akawa ananiambia vuta hewa kwa pua kaka, toa taratibu, usimeze, na haikufika dakika 10. Nikaambiwa nisile wala kunywa mpaka ganzi iishe kama lisaa hivi, nikaondoka kwa miguu yangu. Mama anaweza kuomba hivo, watu hawajui kwamba unaweza kuchagua.

Mtoto wa Mwanga:

@Reli ya Kati asante sana kaka, kwakweli sikujua kama bila sindano inawezekana, sisi hatukuulizwa.

Sista wa Usingizi Tbr:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni nesi wa usingizi, nafanya kazi huku Tabora, chumba cha upasuaji ndo maisha yangu. Nimesoma huu uzi nimeumia. Ngoja niandike kirefu mnivumilie.

Kwanza @Muha wa Kasulu hasira yako naielewa ila tuliangalie vizuri. Kulala kwa dawa kuna ngazi. Ngazi ya kwanza mtu katulia tu hofu imepungua anaongea na wewe. Ya pili anasinzia lakini ukimwita anaitika, ukimgusa anafungua macho, pumzi anavuta mwenyewe. Ya tatu kalala kabisa mpaka umfinye ndo ashtuke, na hapa njia ya hewa inaweza kuziba. Ya nne ndo nusu kaputi yenyewe ya upasuaji. Kipimo cha kamera ya tumbo kwa kawaida kinataka ngazi ya pili tu. Shida ni kwamba hizi ngazi hazina ukuta katikati, dawa ileile, dozi ileile, kijana wa miaka 30 anabaki ngazi ya pili, bibi wa miaka 67 mwenye kilo 48 anateleza mpaka ya tatu na ya nne bila mtu kujua. Ndo maana kanuni inayofundishwa ni kwamba ukitaka kumpeleka mtu ngazi fulani lazima uwe na uwezo wa kumuokoa akizama ngazi moja zaidi ya uliyokusudia.

Dawa yenyewe nahisi ilikuwa midazolamu, hiyo habari ya mama kutokumbuka chochote ndo tabia yake. Ilipoingia sokoni miaka ya 1980 Marekani walikufa watu, kwasababu madaktari walizoea diazepamu, ndugu yake wa zamani, wakawa wanapima kwa mazoea yaleyale kumbe hii ina nguvu zaidi, na wakawa wanaisukuma haraka. Mpaka leo makosa ni yaleyale. Kwa mzee unaanza na nusu miligramu au 1, taratibu, unasubiri angalau dakika 2 au 3 unaangalia kabla ya kuongeza. Asiyesubiri anaona mgonjwa bado macho, anaongeza, anaongeza tena, afu zote zinafika kwa pamoja mpira ukiwa tayari uko tumboni.

Na kuna hili la vichupa. Kuna kichupa cha midazolamu kina miligramu 5 ndani ya mili 5, na kuna kingine kina 15 ndani ya mili 3. Ukivuta mili 2 kwenye cha kwanza umechukua miligramu 2. Ukivuta mili 2 kwenye cha pili umechukua 10. Bomba lilelile, maji meupe yaleyale. Uingereza mwaka 2008 walitoa tahadhari nchi nzima vile vikali viondolewe sehemu za kawaida kwasababu ya hili hili. Huku tunatumia kilicholetwa, kwahiyo lazima usome kichupa kila siku hata kama jana ulitumia hicho hicho.

Wakichanganya na pethidini au fentanili, zile dawa kali za maumivu, ndo kabisa, midazolamu na mojawapo zikikutana pumzi inapungua kuliko kila moja peke yake.

Muha wa Kasulu:

Sista nakuheshimu ila wewe mwenyewe umethibitisha ninachosema. Dawa hatari hivo inapewa na mtu asiyesomea. Iwe marufuku.

Dokta wa Wilayani:

Naomba nichangie. Mimi ni daktari wa kawaida tu, sio bingwa wa chochote, nafanya wilaya moja mkoa wa Tabora. @Muha wa Kasulu kaka tuongee ukweli. Kiwango wanachosema wataalamu wa usingizi duniani ni angalau madaktari bingwa wa usingizi 5 kwa kila watu laki moja. Tanzania hatufiki hata mmoja kwa laki moja, na hao waliopo wengi wako Dar na hospitali kubwa za kanda. Upasuaji mwingi mikoani, wamama wanaojifungua kwa kisu, wanalazwa na watu kama Sista hapa, manesi na matabibu waliosomea usingizi, na wanaokoa watu kila usiku. Ukisema daktari bingwa tu basi umefunga vyumba vya kamera vyote vya mikoani.

Na kamera sio ya vidonda tu. Sisi huku kichocho cha tumbo kinaharibu mishipa ya ini, mishipa ya kwenye koo la chakula inavimba afu inapasuka, mtu anatapika damu beseni. Huyo anatakiwa aingizwe kamera mishipa ifungwe kwa vipira vidogo. Ukimwambia asubiri bingwa wa usingizi, au apande basi mpaka Mwanza, ndugu zake watarudi na mwili.

Wenzetu nje wamebishana hili miaka mingi. Ile propofoli, dawa nyeupe kama maziwa iliyomuua Michael Jackson, kuna nchi kama Ujerumani na Uswisi manesi waliofundishwa wanaitoa kwenye vyumba vya kamera. Mwaka 2009 zilichapishwa takwimu za wagonjwa zaidi ya 646,000 waliopewa propofoli na watu wasio wa usingizi nchi mbalimbali, vifo vilikuwa 4, na waliokufa walikuwa na magonjwa makubwa tayari. Ni vichache sana. Ulaya 2010 vyama vya wa kamera na wa usingizi wakatoa mwongozo wa pamoja kuruhusu, baadae watu wa usingizi wakajitoa wakasema hapana hii dawa ni ya kwetu. Marekani karatasi ya dawa yenyewe imeandika itolewe na aliyefundishwa kutoa nusu kaputi na asiwe yeye anayefanya kipimo.

Sista wa Usingizi Tbr:

Hapo mwisho dokta, hapo "asiwe yeye anayefanya kipimo", nakuomba usipapite haraka maana ndo moyo wa jambo lote. Ule mwongozo wa Ulaya wa propofoli unataka mtu aliyefundishwa ambaye kazi yake ni kumtazama mgonjwa. Sio mtu huyohuyo anayeshika kichwa, anayepokea kipande cha nyama ya tumbo cha kwenda kupimwa, anayeandika lebo. Mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine. Kwa mama wa mwenye uzi hakuwepo. Walikuwa watatu chumbani lakini wa kumwangalia mama anavyopumua alikuwa sifuri, mpaka mtoto wa watu mwanafunzi akajipa hiyo kazi mwenyewe.

Na msidhani cheo peke yake kinaokoa. 2014 New York kulikuwa na mchekeshaji maarufu Joan Rivers, miaka 81, alienda kufanyiwa kamera ya koo na tumbo kwenye kliniki, akapewa propofoli, na daktari wa usingizi alikuwepo chumbani. Oksijeni ikashuka, akafa baada ya siku kadhaa hospitalini. Wakaguzi walikuta kwamba dalili za mwili zilikuwa zinaharibika na waliokuwepo hawakuliona hilo mapema wakachukua hatua. Bingwa alikuwepo, macho hayakuwepo.

Kwahiyo @Muha wa Kasulu mimi siombi marufuku. Naomba kitu ambacho ukikidai hata hospitali ya wilaya inaweza: mmoja asimame kichwani kwa mgonjwa aangalie kifua kinapanda na kushuka, aite jina, asikie pumzi. Bei yake ni mtu mmoja na nusu saa.

Muha wa Kasulu:

Hapo umenigusa sista. Sawa. Lakini huyo mtu awe amefundishwa, sio mhudumu wa usafi kavalishwa koti.

Sista wa Usingizi Tbr:

Afundishwe ndio, na ajue kutumia mfuko wa kupulizia hewa kwa mikono yake, ameushika, sio kauona kwenye picha. Kuinua taya ni kitu cha kufundishwa asubuhi moja na kinaokoa watu.

Bi Nyota wa Ujiji:

Sista mwanangu, hicho kidude cha kidoleni si ndo kinaangalia? Mbona mnasema macho ya mtu?

Sista wa Usingizi Tbr:

Mama shikamoo. Swali zuri sana hilo. Kile kidude kinasoma oksijeni kwenye damu, mtu mzima wa kawaida 95 kwenda juu, ikishuka chini ya 90 ni hatari tayari. Ila kinachelewa. Pumzi inaweza kusimama na namba ikabaki nzuri kwa muda, hasa kama mgonjwa kawekewa oksijeni puani, akiba inaisha taratibu afu inaporomoka kwa ghafla. Hospitali kubwa wana mashine inayosoma hewa chafu ya pumzi unayotoa, hiyo inajua mapema kabisa, sisi wengi hatuna. Kwahiyo macho na masikio.

Na jingine la sisi watu weusi. Mwaka 2020 Marekani walichapisha kwamba vile vidude vinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi, oksijeni iko chini lakini namba inaonyesha nzuri, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Ongeza rangi ya kucha na piko ya vidole ndo mwanga haupiti sawasawa. Na usisubiri midomo iwe bluu kwa mtu mweusi, angalia ulimi na fizi.

Mtoto wa Mwanga:

Ulimi. Ndo nilichokiona mimi. Sista nimesoma nimelia kidogo.

Naomba uniambie sasa, tunarudi mwezi ujao, nikifika niseme nini? Mimi fundi seremala, sijasoma udaktari, nikianza kumuuliza daktari maswali ataona namfundisha kazi.

Sista wa Usingizi Tbr:

Unamfata mapema, siku ya kupanga tarehe sio asubuhi ya kipimo, unamwambia kilichotokea mara ya kwanza chote. Hiyo ndo taarifa muhimu kuliko zote, mtu aliyewahi kuacha kupumua kwa dawa hizi lazima iandikwe kwenye faili, omba iandikwe mbele yako. Afu unauliza kwa heshima tu: dokta, nani atakuwa anamwangalia mama wakati wewe una kazi? Oksijeni ipo? Mfuko wa hewa uko chumba hiki hiki? Mashine ya kunyonya mate inafanya kazi? Dawa ya kugeuza ipo? Maana midazolamu ina dawa yake ya kuigeuza inaitwa flumazenili, na pethidini na fentanili zina naloksoni. Propofoli haina, ukizidisha unampumulia mpaka iishe. Na hata flumazenili inaisha mapema kuliko midazolamu yenyewe, mtu anaamka anaongea afu baada ya lisaa anazama tena, kwahiyo asiruhusiwe kwenda nyumbani kisa kafungua macho. Daktari mzuri hawezi kukukasirikia kwa maswali hayo, akikasirika umepata jibu lako.

Na mama naye ana ya kusema. Anakoroma usiku mpaka kama pumzi inakatika? Aseme. Anatumia vidonge vya usingizi au pombe? Aseme. Na hii wengi hawaijui: ile klarithromaisini wanayopewa wenye vidonda kuua mdudu wa tumboni inafanya midazolamu ikae mwilini muda mrefu na iwe kali zaidi. Mama kama alikuwa kwenye dozi hiyo wiki ile ya kipimo basi tumeelewa nusu ya habari. Fluconazole ya fangasi nayo hivohivo, na baadhi ya ARV hasa zile zenye ritonaviri. Watu wanaficha ARV kwa aibu ndugu zangu, msifiche kwa anayekupa dawa ya usingizi, mnong'oneze.

Chakula aache masaa 6 kabla, na chai ya maziwa ni chakula, msidanganyane. Maji matupu mpaka masaa 2 kabla. Akichomwa sindano asipande boda siku hiyo, hata akisema yuko sawa, atadondoka kona ya kwanza, asisaini karatasi ya shamba wala ya mkopo mpaka kesho yake.

Mtoto wa Mwanga:

Nimeenda kuangalia mfuko wa dawa wa mama muda huu. Klarithromaisini ipo. Tarehe zinaonyesha alikuwa siku ya 5 ya dozi siku ya kipimo. Hakuna aliyetuuliza na sisi hatukusema.

Dokta wa Wilayani:

Hii mimi mwenyewe nitaibandika ukutani kesho. Huwa tunauliza mzio na presha na sukari tunaishia hapo.

Reli ya Kati:

Mwambie mama habari yangu, asiogope, bila sindano sio raha ila inawezekana. Avute hewa kwa pua.

Mtoto wa Mwanga (wiki 5 baadae):

Wakuu narudi kuleta mrejesho, samahani nimechelewa simu ilizama ziwani Kibirizi.

Tumefanya juzi, sehemu nyingine sio ile ya kwanza. Mama mwenyewe alichagua bila sindano, alisema "bora nione wanachonifanya". Daktari nilimfata wiki moja kabla nikamweleza yote, hakukasirika, alikaa kimya kidogo afu akachukua faili akaandika kwa wino mwekundu juu kabisa. Akasema hata kama hakuna sindano ataweka kanula na mtu wa kumwangalia, na kweli siku ya siku alikuwepo kaka mmoja nesi kavuta kiti kakaa usawa wa uso wa mama, hakushika kitu kingine chochote, anamwita tu "mama tupo pamoja, vuta kwa pua".

Alivotaka kumbana kidude kidoleni akakuta vidole vyote vya mama vina piko, tulikuwa na harusi ya mjukuu wiki ile. Mimi nikamwambia kuhusu piko kama Sista alivyosema, akacheka kidogo akasema uko vizuri, akakihamishia sikioni, kuna cha sikio walikuwa nacho. Mashine imeelekezwa kwetu, sauti ipo, nilikuwa nasikiliza ile milio nasoma namba, 97, 96, 97.

Dakika 7. Katapika tapika, kalia machozi, kanifinya mkono mpaka leo una alama. Kidonda kimefunga. Wamechukua kinyama kidogo cha kupima, majibu bado. Tumetoka nje kakaa kwenye benchi anangoja ganzi iishe, anauliza kama mchana anaweza kula mgebuka.